Sista Auleria Mbano, Aliyenusa Kabla ya Kuamini

Ifikapo tarehe 30 Juni 1987, Sista Auleria Mbano atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya utumishi, na siku hiyohiyo atakabidhi funguo za chumba cha upasuaji. Nimeandika "atakabidhi" kwa sababu ndivyo inavyosema barua ya kustaafu. Wengi wetu hapa hospitalini hatuna hakika. Tunamjua. Tunashuku Jumatatu inayofuata tutamkuta mlangoni, kitambaa kichwani, akiuliza nani kafungua kabati bila yeye kuwapo.

Alifika Nachingwea mwaka 1956 akitokea Songea, muuguzi kijana mwenye sanduku la bati na cheti kutoka chuo cha misheni. Wazungu wa ule mradi wa kulima karanga walikuwa wamekwisha kushindwa na kuondoka, wametuachia barabara zilizonyooka na nyumba zenye mapaa ya mabati. Sista alipewa mojawapo. Inasemekana usiku wa kwanza hakulala mpaka alipochungulia chini ya kitanda, nyuma ya mlango na ndani ya pipa la maji, na asubuhi akamuuliza jirani kwa nini nyumba nzuri namna ile imeachwa tupu. Tangu hapo hajabadilika. Alianzia wodi ya akina mama, akahamia chumba cha upasuaji, na mwaka 1975 akakabidhiwa chumba chote awe mkuu wake. Kati ya kazi zote hizo, maana Sista wetu ni wa hospitali, si mtawa, alizaa watoto sita, akawalea wote, na anavyosema mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyewahi kumdanganya akafanikiwa.

Silaha yake ni pua. Chai ya mapumziko huinusa kwanza. Nyama ya sikukuu huinusa ikiwa mbichi na huinusa tena ikiwa imeiva. Chupa ya spiriti itokayo kwangu chumba cha dawa huifungua mbele yangu, akainusa, akanitazama, akainusa tena. Mimi Bernardo ninayeandika haya nimetazamwa namna hiyo kwa miaka mingi, na bado kila mara huhisi nimeiba kitu.

Madaktari nao hawakupona. Daktari mgeni akitoka kunawa mikono, Sista humwomba kwa adabu zote anawe tena, maana mara ya kwanza yeye hakuwapo kuona. Kuhusu vipande vya gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, ndiyo usiseme. Kabla mgonjwa hajashonwa, gozi zilizoingia na zilizotoka lazima zilingane. Yeye huhesabu, kisha humwamuru mwingine ahesabu, kisha huhesabu upya kwa kuwa huyo mwingine hamwamini. Siku moja kipande kimoja hakikuonekana. Daktari ameshika sindano, jasho linamtiririka, Sista amesimama kama nguzo, hashonwi mtu. Kilikuja kuonekana kimenata chini ya kiatu cha Sista mwenyewe. Hakuona haya hata kidogo. Alisema ndiyo maana hata yeye hajiamini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia vipandevipande, na kila mtu ameongeza chumvi yake. Mimi nilikuwapo.

Mwaka 1983 mnaukumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya kupikia ndiyo kabisa. Redio kila siku inatangaza walanguzi na wahujumu. Mtu akipita na kikapu kilichofunikwa, macho yote kwenye kikapu. Jirani akikaanga kitunguu, mtaa mzima unajua na unajiuliza kakitoa wapi cha kukaangia. Tulikuwa tunasalimiana huku tunanusana.

Katika hali hiyo akaja hospitalini mama mmoja wa Narung'ombe, upande wa Ruangwa, anaitwa Mwamini. Umri wake ulikuwa umepita arobaini, mnene kiasi, amezaa watoto wanane. Kila alipokula akashiba, maumivu yalimkamata chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, akatapika. Daktari Ladislaus, bingwa wa upasuaji aliyekuwa akitutembelea kila mwezi, alimpapasa, akamuuliza maswali, akasema anashuku mawe ndani ya kifuko cha nyongo. Akampangia upasuaji safari yake ijayo.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya Sista kutoa elimu ya afya barazani, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni. Akaona bora awaeleze habari ya mawe ya nyongo. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na jua limeanza kuchoma, akafupisha. Alisema ini hutengeneza nyongo, nyongo hukaa kifukoni, wakati mwingine hugandamana ikawa mawe, na mwenye mawe hayo akila chakula cha mafuta huumia. Basi. Akaingia ndani kuchemsha vyombo.

Barazani pale palikuwa na mtu wa Narung'ombe. Na mume wa Mwamini, Bwana Seleman, ndiye aliyekuwa msimamizi wa duka la kijiji.

Hamhitaji niwamalizie. Kabla lori halijafika Ruangwa, habari ilikwisha kuwa hospitali imegundua mafuta tumboni mwa mke wa Seleman. Kijiji hakikuwa kimeona mgao wa mafuta kwa miezi. Watu wakakaa, wakaunganisha. Kumbe! Ndiyo maana mgao haufiki. Kumbe Mwamini anaula usiku mpaka umeganda ukawa mawe. Mgambo wakaenda kuchimba uani kwa Seleman, wakachimba bandani, wakachoma sindano ndefu kwenye kuta za udongo. Hawakupata kitu. Hapo ndipo wakaamini kabisa, maana mtu asiyekutwa na kitu maana yake anajua kuficha.

Sisi huku hatukujua lolote. Siku ya Daktari Ladislaus ikafika, meza imetandikwa, Mwamini hakuja. Wengine tulisema labda amekwenda kwa mganga. Sista Auleria alinusa hewa. Akasema mama aliyeumia namna ile hakimbii kisu bila kuwa na kitu kingine kinachomtisha zaidi. Akapeleleza sokoni kwa wachuuzi wa ufuta watokao huko, akapata habari yote, pamoja na hotuba yake mwenyewe ya barazani ikimrudia ikiwa imevaa mavazi mengine. Daktari naye alimwonya kwamba kifuko kilichoziba kikiingia usaha kinaweza kumuua mgonjwa, na kwamba yeye atakuwapo Nachingwea siku mbili tu. Sista akaenda kudai Land Rover ya hospitali. Walimwambia dizeli haitoshi. Akaomba kuona tangi. Akachukua kijiti, akapima, akainusa. Dizeli ikatosha.

Tuliondoka dereva, yeye na mimi, nimebeba sanduku la dawa na chupa za maji ya mshipa. Tulimkuta Mwamini amelala chumbani, homa kali, weupe wa macho umegeuka manjano. Seleman alisimama mlangoni kama mlinzi wa nyumba isiyo yake, uani kwake mashimo matupu kila upande. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, lakini mke hatoki. Sista alipoingia na kumbembeleza, Mwamini alimjibu kwa sauti ndogo, na maneno hayo siyasahau:

"Sista, nikipasuliwa yakatoka mawe, huku watasema ushahidi umetoka. Mume wangu atafungwa. Mniache nife nayo tumboni."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Sista hana swali la kumuuliza mtu. Akanielekeza nimtundikie mgonjwa maji, akafunga vizuri kitambaa chake kichwani, akamwambia Seleman akamwite mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti apige ngoma ya mkutano.

Wasomaji wa kutoka mbali lazima wajue jambo moja. Sista ni Mngoni, na watu wa Narung'ombe ni Wamwera. Mababu zao walipigana sana, na kwa sababu hiyo wajukuu ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani ukacheka. Anaweza kuingia kwako, akakamata kuku wako, akaondoka naye, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Sisi wengine, hata tungekuwa mia tatu, tusingethubutu kufanya alichofanya yeye siku ile. Mimi ni Mmakonde, nilikuwa natafuta mahali pa kujificha.

Watu wakajaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mzee Abdala, alikaa mezani na karatasi zake, akatangaza kwamba mgeni wetu ana neno juu ya shauri la mafuta. Sista akaanza kwa kuwazodoa. Aliwashangaa Wamwera walivyojitokeza wengi, akasema enzi za babu yake wangekuwa wamekwisha kujificha porini. Wakacheka, wakamjibu kwamba wamemwona hana mkuki ndiyo maana wamekuja. Kicheko hakijaisha, Sista akawapa mgongo, akavuka uwanja, akaingia jikoni kwa mwenyekiti.

Alitoka na sufuria ameishika kwa ncha za kanga. Nyuma yake Bibie, mke wa mwenyekiti, anakuja mbio akiita mwizi, nusu anacheka nusu anaogopa. Sista akaitua sufuria mezani, juu ya karatasi za mwenyekiti, akafunua. Ilikuwa mboga ya majani ya kunde iliyoungwa kwa karanga, bado inafuka moshi, na juu yake mafuta yameelea, yanang'aa.

Kicheko kikakatika. Watu wa mbele waliinuka kuchungulia. Wa nyuma wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakasogea nao. Niliona wale mgambo wakitazamana, na macho yakahama taratibu kutoka kwa Seleman kwenda kwa Mzee Abdala. Mzee alianza kutoka jasho.

Sista akamuuliza, "Mwenyekiti, mtani wangu, mafuta haya ni ya debe gani?"

Mzee akaapa kwamba hana debe. Akasema ni karanga, karanga za shamba lake, Bibie kazitwanga asubuhi ile, kila nyumba hapa inaunga mboga kwa karanga au ufuta, hilo nani asiyelijua.

"Basi na Mwamini naye anatwanga," Sista akasema.

Mzee mmoja nyuma akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeona alivyokuwa mjinga. Kikaenea. Lakini Sista hakuwaachia wacheke wakaondoka. Aliwaambia kosa ni lake, alifupisha maneno barazani, na sasa hana foleni, kwa hiyo watakaa wasikie yote.

Akawaeleza, na hakuacha kitu. Mafuta ya jana usiku hayageuki jiwe. Mlo wenye mafuta hukifanya kifuko kijikamue, na kikijikamua huku kuna jiwe ndipo mtu anapiga kelele. Jiwe lenyewe lilikwisha kuwamo zamani. Kinachomweka mtu katika hatari ni mambo ambayo mengi hakuyachagua. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume. Kila mimba humsogeza mama karibu zaidi. Umri ukivuka arobaini, hatari inapanda. Unene unachangia. Kukonda ghafla nako kunachangia, kwa mfano mtu aliyeshinda njaa muda mrefu akapukutika mwili, na hilo lilimshangaza kila mtu, maana walidhani ni ugonjwa wa walioshiba. Kuna koo ambazo mama alikuwa nayo, na binti anayo. Na vijana wenye ugonjwa wa damu wa sikoseli, ule unaowaumiza mifupa na kuwapa macho ya manjano, wanaweza kuyapata wakiwa wadogo kabisa, hata kama hawajaonja mafuta.

Mtu mmoja akauliza kwa nini basi hawajawahi kuyasikia. Sista akasema Ulaya, madaktari wakihesabu watu wazima kumi, huenda mmoja wao anayo. Kwetu vijijini wanasema ni machache, na inawezekana ni kweli, kwa kuwa tunatembea sana na tunakula vyakula visivyokobolewa. Lakini yeye, akasema, hilo pia analishuku kidogo. Pengine ni machache kwa sababu hakuna aliyetazama. Wengi wenye mawe hayo hawaumwi hata siku moja, wanaishi nayo na kuzikwa nayo.

Kisha akawaomba wanawake wanaopata maumivu ya chini ya mbavu za kulia baada ya kula wanyooshe mikono. Hakuna aliyenyoosha. Nani angenyoosha? Kunyoosha mkono siku ile ilikuwa sawa na kuwaita mgambo wakuchimbie ua. Akina mama waliangalia chini, wakatengeneza kanga zao, wakakohoa.

Sista Auleria akanyoosha mkono wake mwenyewe. Akaushikilia juu, akawaambia yeye naye huumwa hivyo kweli, sita amezaa, hamsini ameivuka, mama yake aliumwa vivyo hivyo mpaka akafa, na kama kuna mtu anataka kwenda kuchimba uani kwake Nachingwea, nauli atamlipia yeye.

Bibie akanyoosha wa pili, palepale kando ya sufuria yake. Mwenyekiti alimtazama kama amemwona leo. Halafu mkono wa tatu, halafu sikuweza tena kufuatisha.

Mzee Abdala akasimama, akatangaza shauri la Seleman limekwisha na mashimo yafukiwe na waliochimba. Akaomba sufuria yake. Sista akamkatalia, akasema nyara ni nyara, akaipakia kwenye Land Rover pamoja na Mwamini na Seleman. Njiani mimi na dereva tuliila mboga ile tukailamba. Sista hakuonja. Alitafuna muhogo mkavu akitazama barabara. Sisi tukakonyezana kwamba anashuku sumu ya watani. Na kuhusu ule mkono alionyoosha, sote tulikubaliana ni mbinu tu ya mjini, mama kacheza mchezo mzuri.

Mwamini alipasuliwa siku iliyofuata. Mawe yalitoka, akapona, akarudi kwake. Kijijini wapo waliotaka kuyanusa kwanza.

Sasa tazameni sisi tulivyo. Miaka minne tumekaa na mtu, tunakula naye sikukuu, yeye kila mara anasogeza pembeni kisamvu cha karanga na kusema ameshiba. Tukasema anatushuku mapishi yetu. Tunamwona siku nyingine ameinama kwenye kabati la vyombo, mkono ubavuni, tukasema anahesabu. Mtu mwenye pua ya kunusa uongo maili moja alitwambia ukweli hadharani, tukakataa kuuamini.

Mwezi Aprili mwaka huu alianguka kazini. Daktari Ladislaus alipompapasa, Sista alimtajia ugonjwa yeye mwenyewe, akamtajia na sababu zake zote, moja baada ya nyingine, kisha akakubali kitu ambacho alikuwa amekikwepa muda wote huo. Alikuwa anaogopa. Hakuogopa kisu. Aliogopa kulala. Katika chumba kile, maisha yake yote, kila mtu mezani alikuwa amelala huku Sista Auleria yuko macho. Yeye akilala, nani atakuwa macho?

Walimlaza juu ya meza aliyoifuta kwa mikono yake miaka yote. Nusukaputi ikiwa tayari, akamwita Lusiana, muuguzi anayemrithi, ambaye hajawahi kukabidhiwa kuhesabu gozi bila Sista kurudia. Lusiana mwenyewe amenisimulia, na alilia akinisimulia. Sista alimshika mkono, akamwambia, "Hesabu wewe." Hakuongeza kwamba mwingine arudie. Akafumba macho.

Alipozinduka, swali la kwanza lilikuwa gozi, na Lusiana akamjibu zimelingana. Swali la pili lilikuwa kuyaona mawe. Akayageuzageuza kiganjani, akamuuliza daktari kama ana hakika ni yake. Hapo tulijua atapona.

Habari zilifika Narung'ombe, sijui nani alizipeleka. Mwezi wa Mei Mwamini alishuka kwenye lori na kapu, Seleman nyuma yake, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa Sista. Mimi nilikuwa nimepeleka dawa. Mwamini aliomba kwanza aonyeshwe mawe, akayakagua, akasema ya kwake yalikuwa makubwa zaidi. Wakabishana kidogo. Kisha akafungua sufuria aliyokuja nayo ameifunga kwa kitambaa. Kisamvu, kimeungwa kwa karanga mpya, mafuta yameelea juu. Akamwambia Sista kwamba daktari alimruhusu yeye kula baada ya kutolewa kifuko, polepole, na kwamba sasa ni zamu yake.

Niliitazama pua ya Sista. Nilisubiri. Alichukua kijiko, akachota, akala.

Hakunusa.

Sista Auleria, watumishi wenzako wa hospitali tunakushukuru kwa kila mgonjwa aliyeamka kwa sababu ulikataa kuamini kwamba kila kitu kiko sawa. Lusiana atazihesabu gozi, na mimi spiriti nitaifungua mbele yake. Wewe rudi Songea ukapumzike, uwe na afya, wajukuu wakuzunguke, na kila sahani itakayoletwa mbele yako iwe ya mtu unayeweza kula kwake bila kunusa.